Risiti ya Kitambaa cha Kijani

Naapa mbele yenu nyote kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu, tangu neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Najua wapo watakaocheka. Mtaa mzima unaniita Mzee Posta, kwa kuwa nilipiga mihuri ya posta miaka thelathini na mmoja, na wapo wanaosema kila hadithi yangu huondoka nyumbani na uzito wa bahasha ikafika na uzito wa gunia. Wivu huo. Shule sikusoma. Nilijifunza kusoma kwa kusoma bahasha, na mtu aliyefundishwa na bahasha hawezi kudanganya, maana anwani ukiiongezea madoido barua haifiki.

Ili kuwaziba midomo, naweka rehani. Ninacho kiti cha kuegemea, springi kumi na sita, alichonitengenezea jirani yangu Fundi siku nilipostaafu. Siku hiyohiyo nilitoka posta na chupa tatu za wino wa zambarau, na ndio wino ninaoandikia sasa hivi nikiwa nimeegemea kiti chenyewe. Basi yeyote atakayenikamata na uongo humu ndani, hata uongo mwembamba wa kupita tundu la sindano, akibebe kiti aondoke nacho. Mimi nitakaa chini.

Haya, tuanze.

Fundi ni fundi makochi. Karakana yake ni baraza ya nyumba yake, na nyumba zetu zinashiriki ukuta mmoja, mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya kule, huku mimi natafuta kitambaa. Msiniulize basi nimejuaje yaliyosemwa. Kama mafundi wote wa kazi hiyo, Fundi huweka misumari midogo mdomoni, kumi au kumi na miwili, akawa anaisogeza mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, anauchomoa, anaugonga kwenye ubao. Tofauti yake na wenzake ni kwamba yeye huiweka hata pasipo na kochi la kugongea. Mkewe, Mama Kidoti, alishazijua dalili: swali gumu likinusa mlango, mkono wa mumewe huenda kwenye kopo la misumari.

Jumamosi moja asubuhi binti yao alipiga simu. Ni mtoto wao wa pekee, anaitwa Kidoti kwa sababu ya doa jeusi kidevuni, na ameolewa nchi ya jirani mwaka wa nne sasa. Mama Kidoti akaiweka simu juu ya mto wa kochi, sauti wazi.

"Baba, umeamkaje?"

"Mm."

"Una misumari mdomoni?"

"Mm-mm."

"Iteme, baba."

Fundi akaitema kiganjani. Ilikuwa tisa.

"Nimebakiza wiki kumi na moja nijifungue," akasema Kidoti. "Nataka uje. Harusini hukuja, ukasema mgongo. Nilipojifungua huyu wa kwanza hukuja, ukasema una makochi ya hoteli. Hoteli gani hiyo, baba, miaka mitatu wateja wamesimama? Mwanangu anadhani babu yake anaishi ndani ya simu. Juzi kaibamiza sakafuni akitaka kukutoa."

Mama Kidoti alicheka. Fundi hakucheka.

"Kama humtaki mume wangu, niambie tu," sauti ya binti ikashuka. "Nitaumia, ila nitaelewa. Lakini safari hii usipokuja, baba, sitakuita tena. Kukusalimu nitakusalimu. Kukuita, basi."

Simu ikakatika. Fundi alinyoosha mkono kwenye kopo. Mkewe akalisogeza mbali kwa mguu.

Mkewe alijua sababu. Mimi niliijua. Bi Mkubwa, mama mzazi wa Fundi, mwenye miaka themanini na mmoja na anayeishi chumba cha mbele ili asipitwe na jambo, aliijua kuliko sote. Asiyejua alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa anaita. Fundi alipokuwa na miaka ishirini na mbili alifungwa miezi minane kwa wizi, na nchi ile haimruhusu kuingia mtu aliyewahi kufungwa kwa wizi, hata kama wizi wenyewe umeshaota mvi. Siku ya kwenda harusini alifika mpakani ndani ya suti mpya. Mashine ikalia, akavutwa pembeni, akarudishwa. Mkewe akavuka peke yake na mabegi mawili na huo uongo wa mgongo.

"Kuna fomu," Mama Kidoti alisema sasa. "Yule askari wa mpakani aliniambia siku ile. Mtu mwenye kosa la zamani anaomba kibali maalumu cha kuingia. Wanamchunguza, wakiridhika wanamfungulia."

"Miaka minne umekaa na maneno hayo?"

"Miaka minne umekaa na misumari mdomoni. Ningekwambia saa ngapi?"

*

Karatasi ya kwanza waliyotakiwa kupeleka ilikuwa cheti cha polisi, kile kinachoitwa cha tabia njema, ingawa cha Fundi kilikuwa ni cha kueleza ile isiyo njema. Walipanga foleni tangu saa moja. Nyuma yao alisimama mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mtu mstaarabu, ambaye seti yake ya makochi ilikuwa barazani kwa Fundi ikingoja sponji mpya.

"Wewe ndiye mwenye kosa la wizi?" askari wa kike aliuliza dirishani, kwa sauti ya kutangazia mnada.

"Ndiye mimi," Fundi alijibu, kwa sauti ya msibani.

Mwalimu mkuu akaanza kusoma tangazo la ukutani. Lilikuwa tangazo la mbwa aliyepotea, na alilisoma mpaka wakamaliza.

Askari akamshika Fundi kidole gumba, akakibana kwenye kioo cha mashine. Taa nyekundu. Cha shahada. Nyekundu. Akapangusa kioo, akarudia vyote kumi, akakunja uso.

"Mzee, alama zako za vidole ziko wapi?"

"Si hivi vidole?"

"Vidole naviona. Alama hazipo. Umevifanya nini?"

"Kazi," alisema Fundi.

Ni kweli. Miaka ishirini na kitu ya kuvuta uzi wa katani na kubana kitambaa kwa ncha za vidole ilikuwa imezisugua zikalainika kama kokoto za mtoni.

"Mbona walipokukamata zilionekana? Hizi hapa kwenye faili, safi kabisa."

"Wakati ule," akasema Fundi, "nilikuwa sijaanza kazi sawasawa."

Askari alimtazama, na safari hii sauti ikapungua. "Nenda kapumzishe mikono, baba. Wiki tatu. Usishike uzi, usishike nyundo. Paka mafuta asubuhi na jioni, ngozi itarudi. Kisha uje."

Kesho yake mwalimu mkuu alituma mkokoteni ukachukua makochi yake, yakiwa matumbo nje, na salamu nyingi.

*

Zile wiki tatu ndizo zilizonifanya nikanunua daftari hili.

Mama Kidoti alivaa aproni ya mumewe akashika nyundo. Fundi akakaa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani inang'aa mafuta, akawa fundi wa mdomo. "Vuta. Usivute hivyo, utaipasua. Kaza kona kwanza. Kona, mke wangu, kona." Siku ya kwanza mkewe alijigonga dole gumba mara nne. Siku ya tano alikuwa anagonga huku ameweka misumari mdomoni kama amezaliwa nayo.

"Tangu nimzae huyu," Bi Mkubwa alisema kutoka dirishani kwake, "sijapata kumwona amekaa mikono mapajani. Amekuwa kama mwali."

Jioni mkewe alivuta kigoda cha pili, akachukua mikono ya mumewe mmoja baada ya mwingine na kuisugua mafuta, kidole kwa kidole, akiviinua kwenye mwanga kutazama kama mistari inarudi. Alivitazama kama mtu anayengoja mbegu zichipue. Siku moja alisahau kutema misumari, akakaa kusugua nayo mdomoni, na Fundi akaona hapo ndipo pa kuuliza, maana asingejibiwa.

"Miezi minane ile. Ungeweza kuolewa na mwingine. Kwa nini ulinisubiri?"

Mkewe alitema misumari ndani ya kiganja cha mumewe, kwenye mafuta.

"Nilikuwa nimeshawatangazia watu wote," akasema. "Ningeanza upya na nani?"

Akaendelea kusugua. Baada ya muda mrefu akasema, "Hiki kimoja kimeanza kuonekana. Tazama."

Siku ya ishirini na mbili mashine ilitoa taa ya kijani kwa vidole saba, na askari akasema saba zinatosha.

*

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Pamoja na fomu palitakiwa maelezo ya kosa, yaandikwe kwa maneno ya mwombaji mwenyewe. Fundi alijaribu, akapata mistari mitatu, akaona aibu kupeleka mistari mitatu kwa serikali ya watu. Ndipo akaenda kwa mwandishi mmoja wa barua, kijana mtanashati, mrefu, ana meza yake mjini chini ya mwavuli. Mimi simfahamu. Siku hiyo hata sikuwepo, nilikuwa nauguza jino.

Kijana yule aliisoma ile mistari mitatu akaona haina chumvi. Kwa moyo mweupe kabisa, na bila kudai malipo, akaijaza kurasa tatu kwa wino mzuri wa zambarau. Fundi alikuwa ameacha miwani nyumbani. Akashukuru, akatia saini, akaibandika bahasha. Mama Kidoti alikuwa ameshaijaza fomu yenyewe, majina na umri wa kila mtu nyumbani. Kidoti naye alituma barua ya mwaliko siku aliyoombwa, akidhani ni karatasi ya kawaida wanayodaiwa wageni wote, akaandika chini: *Baba, kweli unakuja?*

Baada ya hapo wakangoja.

Mimi niliyeshika barua za serikali miaka thelathini na mmoja nawaambieni, zinatembea kwa magoti. Wiki ya kwanza Fundi aligeuza meza yake ya kazi ikatazama barabara. Wiki ya tatu pikipiki ikisimama popote mtaani, nyundo ilisimama pia. Wiki ya tano alianza kujibu simu za Kidoti kwa kumuuliza hali ya hewa. Tumbo la Kidoti lilikuwa linakua kule, na siku zilikuwa zinapungua huku, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuweka kalenda ukutani.

Wiki ya sita wakaitwa ofisi ya ubalozi wa nchi ile kwa mahojiano.

"Nakwenda nanyi," alitangaza Bi Mkubwa, ameshavaa viatu.

"Mama, ni mbali, na wewe hukuitwa."

"Wakubwa wakimwona mtu ana mama yake, hulainika. Nishike mkono."

Wakamwacha kwenye benchi nje ya mlango. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Akafungua faili, akaivaa.

"Kwanza pole sana, baba."

"Asante," alisema Fundi, akidhani anapewa pole ya safari.

"Kufiwa na mama si jambo dogo. Hata baada ya miaka yote hii."

Fundi akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama afisa.

"Mama yupi?"

"Mama yako. Umeandika hapa." Akasoma kwa sauti: "'Mama yangu mpenzi, jasho la mauti likimtiririka mikononi mwangu, alininong'oneza: mwanangu, nitafutie dawa. Nikatoka mbio ndani ya mvua ya radi, nikachukua kilichokuwa karibu. Niliporudi na dawa, alikuwa ameshafumba macho yake mazuri.'"

Mkono wa Fundi uliingia mfukoni. Misumari hakuna, mkewe alimpekua kabla hawajatoka.

"Lakini kwenye fomu," afisa aliendelea, akifunua, "wanaokutegemea: mke mmoja, mama mzazi, miaka themanini na mmoja. Sasa nisaidie. Alifufuka?"

Mlango ukafunguka. Masikio ya Bi Mkubwa ni mazima kuliko magoti yake.

"Nani kaniua?" aliuliza.

Afisa alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Keti, mama."

"Nimekaa sana huko nje. Nataka kujua nimekufa kwa ugonjwa gani."

"Ugonjwa haukuandikwa."

"Hata kuuawa wameniua nusunusu!" Akaikaribia meza, akainamia zile kurasa tatu, akazitazama kwa muda. Kisha akakaa, akanyamaza ghafla, jambo ambalo si kawaida yake.

"Baba," afisa alisema, na sasa hapakuwa na utani, "maelezo ya uongo ni sababu tosha ya kukataa maombi. Na ukikataliwa, huruhusiwi kuomba tena mpaka ipite miaka mitano."

Mama Kidoti alishika ukingo wa meza. Miaka mitano. Mtoto wa tumboni angekuwa anakwenda shule.

"Nani aliyeandika haya?" afisa aliuliza.

"Saini ni yangu," alisema Fundi.

"Sikuuliza saini."

"Nimeandika mimi."

Hakumtaja yule mwandishi. Angeweza kumtaja, na mzigo ukamshukia mwenyewe. Hakumtaja.

"Alipoiba mimi nilikuwa mzima wa afya, namfulia nguo," Bi Mkubwa alisema taratibu. "Jela nilimpelekea sabuni kila mwezi. Miche minane. Kama unataka ukweli, mpe karatasi hapa hapa. Huyu mwanangu kusema hajui, lakini kudanganya hajui vilevile."

Afisa alimtazama bibi, akamtazama Fundi, akavuta droo. Akasukuma karatasi tupu na kalamu juu ya meza.

"Maneno yako," alisema. "Hata yakiwa machache."

Fundi aliandika kwa vidole vyake vipya, mkewe akihesabu pumzi. Hivi ndivyo alivyoandika:

*Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilichukua majora matatu ya kitambaa cha makochi kwenye stoo ya bosi wangu, nikayauza. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Nilitaka suti ya kuolea. Nilifungwa miezi minane, ilikuwa haki. Mchumba wangu alinisubiri. Tangu hapo sijachukua kitu cha mtu. Yale maelezo ya kwanza si ya kweli, nisameheni. Nataka kumwona binti yangu.*

Afisa alisoma mara mbili. "Hakuna aliyekuwa mgonjwa," alirudia, kama anajisemea. Akaichomeka karatasi juu kabisa ya faili. "Siahidi kitu. Nitapeleka maombi yako mbele pamoja na haya. Lakini kanuni inamtaka mwenyeji wako aandike kwamba analijua kosa lako. Barua ya binti yako haisemi. Anajua?"

Mama Kidoti akamtazama mumewe, mumewe akaitazama kalamu.

"Nahitaji barua yake wiki hii," alisema afisa.

*

Fundi alipiga simu pale pale nje, kwenye benchi, mama yake kushoto na mkewe kulia, kama mtoto anayepelekwa kung'olewa jino.

"Baba? Mbona saa hizi? Kuna nini?"

"Sina misumari," alisema Fundi. "Nisikilize tu."

Akamwambia. Alimwambia kama alivyoandika, bila kuongeza na bila kupunguza, majora matatu, suti, miezi minane. Alipomaliza, upande wa pili ilisikika redio ya mtu na mtoto akiimba.

"Kwa hiyo siku ya harusi yangu," Kidoti alisema.

"Nilifika mpakani. Nimevaa suti. Nilimwona mume wako ng'ambo ya pili, amekuja kutupokea, ameshika mwavuli. Wakanirudisha. Mgongo wangu hauumwi, mwanangu. Haujapata kuuma."

Kidoti akaanza kulia. "Miaka minne, baba! Miaka minne namsumbua mume wangu, ulimkosea nini baba yangu, sema ulimkosea nini. Maskini wa watu anaapa hajui. Mpaka akaandika barua ya kukuomba radhi, nikaichana, maana haikusema radhi ya kosa gani."

"Mwambie hana kosa. Kosa ni langu."

Bi Mkubwa alitoa leso, akampa mkwewe, mkwewe akampa Fundi.

"Kilikuwa rangi gani?" Kidoti aliuliza.

"Nini?"

"Hicho kitambaa. Rangi gani?"

"Kijani. Kijani cha jani la mgomba likishapata mvua."

"Kizuri?"

"Kizuri sana, mwanangu."

Kidoti akacheka na machozi humo humo. "Naiandika barua sasa hivi. Nitaandika kwamba najua." Kisha sauti nyembamba ikampokonya simu: "Babu! Unatoka lini humo?"

"Nakaribia," alisema Fundi. "Wanatafuta ufunguo."

*

Ufunguo ulichelewa. Mtoto alizaliwa kabla, wa kiume, na Fundi alimwona kwanza akiwa na ukubwa wa kioo cha simu, kama dada yake. Siku ya tisa baada ya hapo bahasha ilifika: kuingia mara moja, siku thelathini. Fundi aliishika kwenye mwanga kama alivyoshikwa vidole.

Hakupanda basi siku ile. Alikwenda kwanza dukani akanunua mita moja na nusu ya kitambaa cha kijani.

"Niandikie risiti," alimwambia mwenye duka.

"Ya mita moja na nusu? Fundi, tumejuana miaka mingapi?"

"Niandikie. Na muhuri upige."

Alikaa siku mbili akitengeneza kiti kidogo cha mtoto, springi nne, kona zimekazwa na Mama Kidoti kwa sababu sasa Mama Kidoti ndiye bingwa wa kona.

Mpakani mashine ililia kama zamani. Askari wa dirishani akaomba karatasi. Fundi akaweka pasi. Akaweka kibali. Halafu akatia mkono mfuko wa shati, akaweka na risiti, akainyoosha kwa vidole viwili.

"Hii ya nini?"

"Ya kitambaa," alisema Fundi, akainua kile kiti kionekane.

"Sijakuuliza kitambaa, baba."

"Najua."

Askari aliisoma risiti ile yote. Akaigeuza nyuma, nyuma hapana kitu, akaisoma tena mbele. Kisha akapiga muhuri kwenye pasi. Mama Kidoti alinisimulia kwa simu jinsi ulivyolia, na mimi mtu wa mihuri nimeuelewa: ule ulipigwa kwa kiganja kizima, si kwa uvivu. Askari akaikunja risiti vizuri, akairudisha kwa mikono miwili.

"Itunze," alisema.

Ng'ambo ya pili mkwe alikuwa amesimama na mwavuli, na mvua haikuwepo. Kidoti alikuwa na kichanga kifuani. Msichana mdogo alimtazama Fundi kuanzia viatu mpaka nywele, akazunguka kutazama mgongoni kwake kama kuna waya.

"Umetokaje?" aliuliza.

"Kwa mlango," alisema Fundi, na mkewe anasema neno hilo ndilo la mwisho kusikika vizuri siku hiyo.

*

Hapo ndipo nilipokuwa nimeweka nukta. Bi Mkubwa ameachwa chini ya uangalizi wangu mpaka wenyewe warudi; nampelekea chai asubuhi, na jioni anakuja barazani kwangu kukagua tabia yangu. Leo nimemsomea hadithi hii, tangu kiapo mpaka mlango. Alisikiliza amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, Bi Mkubwa."

"Inuka."

"Niende wapi?"

"Inuka kitini." Akafumbua jicho moja. "Kijana mtanashati! Mrefu! Ana mwavuli mjini! Mtaa huu mzima wino wa zambarau anao nani?"

Nikajaribu kucheka. Hakuna aliyenisaidia.

"Niliuona mwandiko ule mezani kwa afisa nikakutambua hapo hapo. 'Jasho la mauti.' Kila barua ya rambirambi unayowaandikia watu ina jasho la mauti. Na jino gani ulikuwa unauguza, wewe ambaye meno yote unayalaza kwenye glasi?"

"Nilitaka kumsaidia, Bi Mkubwa. Mistari mitatu ilionekana michache."

"Ndivyo alivyosema naye. Tulipofika nyumbani nilitaka kuja na mwiko. Akanizuia. Akasema, mama, mwache mzee wa watu, alitaka kunisaidia." Akafumbua na jicho la pili. "Nami nikakuacha. Ungekiri mwenyewe leo ningekuacha tena. Sasa inuka."

Nikainuka. Sina pa kukatia rufaa, kiapo kiko pale juu kwa mkono wangu. Alijishusha kwenye kiti taratibu, springi kumi na sita zikamsalimu, akajaribu mkono huu, akajaribu ule.

"Inalia huku kushoto," alisema. "Mwanangu akirudi ataikaza."

Mistari hii naiandikia kwenye ngazi, daftari gotini, na jiwe ni baridi. Nilidhani amesharidhika, kumbe alikuwa ananitazama.

"Na ile ya risiti? Nayo umeitia chumvi?"

"Ya risiti ni kweli, Bi Mkubwa. Naapa."

"Unaapa kwa nini? Kiti huna tena."

Akaegemea, akafumba macho, akaweka mikono yake tumboni.

"Hebu rudia hapo pa risiti," alisema. "Polepole."